Mchele wa Kibombo na Uboho wa Simbilisi

Saa moja na robo asubuhi, ukungu wa mto Lualaba ulipopanda juu ya mabati, mwanga ulifika kwenye kioo cha hadubini na chembe za kwanza zikaonekana: duara za waridi na buluu, zikielea kama zimesahau zilikotoka. Vita ilikuwa imefunga njia na reli ilikuwa inaota majani. Mimi, karani wa gari-moshi asiye na gari-moshi, nilijifundisha kazi hii katika kitabu cha Kifaransa kilichopoteza jalada. Muuguzi wa kituo cha afya aliniazima hadubini na rangi ya kupimia malaria. Nami nilimsomea vioo vya wagonjwa wake.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Chakula chetu kilikuwa gunia moja la mchele wa Kibombo, ambalo mchuuzi alilinyunyizia unga wa kuua fukusi. Tuliuosha tena na tena; harufu ilibaki. Je, aule?

Kitabu kilieleza njia ya kupima. Chembe changa nyekundu ya damu, ikiwa bado ndani ya mfupa, hutupa kiini chake nje na kubaki tupu. Sumu ikivunja nyuzi za urithi zilizomo kwenye kiini, kipande husalia nyuma: nukta ndogo ya zambarau. Basi nililisha simbilisi kadhaa mchele ule, ndani ya kreti barazani. Wengine niliwaacha jikoni mwetu, kwa mama mkwe, wakila maganda sakafuni kama simbilisi wa kila nyumba. Kisha nikachukua uboho wa mapaja yao, nikaupaka kwenye vioo.

Wa barazani walikuwa na nukta nyingi. Wa jikoni vilevile.

"Basi hiyo njo kawaida yao," nilimwambia mke wangu. "Mchele hauna kosa."

Akaweka sufuria motoni. Mama mkwe aliingia, akanusa mvuke.

"Eh, mukwe! Hii njo harufu ya unga yangu."

"Unga gani, mama?"

"Ya funza. Naimwanga hapa chini kila siku ya posho. Weye, munganga ya simbilisi, uliwaza funza zilikimbia sababu ya sala?"

Mke wangu alicheka. Akaipua sufuria.

Wanyama wangu wa kulinganisha walikuwa wamelala juu ya sumu ileile. Nikavuka mto kwenda kuchukua simbilisi kwa dada yangu, ambaye hakuwahi kununua unga wowote. Kwake funza walitolewa kwa sindano. Nilirudi asubuhi yenye ukungu mzito, simbilisi wakipiga miluzi kapuni, kingo zote mbili zimepotea, mtumbwi kama umesimama hewani.

"Papa, nyamazisha banyama bako," mpiga kasia alinong'ona, akihofia askari wa ukingoni. "Basoda watawaza tunauzisha filimbi."

Kwenye vioo vipya chembe zilipita laini na tupu, kama watu watokao ibadani wakiwa wamevaa nguo safi. Nilitafuta nukta mpaka macho yakalowa. Zilikuwa chache mno. Simbilisi si mtu, na wanyama wachache hawathibitishi mengi. Hata hivyo nilichimba shimo mbali na kisima, nikalizika gunia la mchele.

"Na leo tutakula nini?" mke wangu aliuliza, akitazama majani ya muhogo uani.

"Sombe."

"Na kesho?"

"Sombe."

"Basi mutoto atazaliwa rangi ya majani."

Alizaliwa na rangi ya bibi yake. Siku hizi anauza vitambaa katika mtaa wa Kasuku, na hunicheka kila ninapoinamia gunia sokoni kunusa mchele kabla ya kuuliza bei. Sidai kwamba shimo lile ndilo lililomlinda. Wakati mwingine, ukungu ukiwa bado juu ya mto, naziona tena duara zile zikipita, tupu, bila haraka. Gunia lilikuwa dola kumi na nane, mtumbwi dola mbili. Tulipoteza dola ishirini.