Mwaka Tuliotafuta Pikapu za Gita la Baba

Harufu ya risasi ya kuungia nyaya inapoyeyuka kwenye ncha ya pasi ya fundi redio hunisimamisha mpaka leo. Ni moshi wenye utamu kidogo, uliochanganyika na vumbi lililoungua na plastiki, na mara ya kwanza niliunusa mjini Katesh, ndani ya kibanda cha fundi Juma, nilipokuwa darasa la sita. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi, ameweka kofia juu ya goti. Gita lake la umeme lilikuwa limelazwa mezani, skrubu zote zimefunguliwa, nyaya nyekundu na nyeusi zimetoka nje kama matumbo ya kuku. Mimi nilisimama nyuma yake nikimwangalia shingo, kwa sababu shingo ile ilikuwa imeanza kunenepa tena baada ya ugonjwa, na kila nilipoiangalia nilijiambia kwamba mambo sasa yatakuwa mazuri.

Sisi ni watu wa Maretadu, upande wa Mbulu. Baba alilima mahindi na maharage kama majirani wote, akafuga ng'ombe wachache, lakini watu wa kwetu hawakumjua kwa shamba wala ng'ombe. Walimjua kwa gita. Alijifunza kulipiga ujanani alipokuwa akifanya kazi Arusha, akarudi nyumbani na gita jekundu lililokwanguka rangi, akawa mpiga gita wa kwaya ya kanisa letu. Jumapili, jenereta likishawashwa, alikaa kwenye kiti pembeni ya kwaya, akainamisha kichwa, akapiga zile nyuzi nyembamba kwa ncha za vidole. Mlio ulikuwa mwembamba na safi, ukipita juu ya sauti za waimbaji bila kuzigusa. Wapo wazee waliofuata dini ya jadi, ambao hawakuwahi kuingia kanisani hata siku moja, lakini Jumapili walileta ng'ombe wao kuchunga kwenye mteremko wa karibu, wakasimama wameegemea fimbo mpaka wimbo wa mwisho. Mama alikuwa akisema kwamba baba hana maneno mengi nyumbani kwa sababu yote huyamalizia pale.

Kifua kikuu kilimpata mara ya kwanza nikiwa mdogo sana, sikumbuki. Kiliporudi mara ya pili nilikuwa na akili zangu. Safari hii vidonge peke yake havikutosha, akaandikiwa na sindano, kila asubuhi, kwenye zahanati. Mimi ndiye niliyemsindikiza kabla ya kwenda shule. Tulipita kati ya mahindi yenye umande, yeye ameniegemea bega, akisimama kila baada ya hatua chache kutafuta pumzi. Alikuwa mwepesi kama mtoto mwenzangu. Nilikuwa nikiomba njia nzima, nikirudia maneno yale yale: apone, apone. Akapona. Kikohozi kiliisha, akaanza kula, akaanza kushika jembe, na siku moja wakati wa kuvuna maharage akasema yuko tayari kurudi kwenye kwaya. Nakumbuka mama alivyoshika ungo, akasimama tu katikati ya uwanja, akicheka peke yake.

Siku aliyorudi kanisani kwa mazoezi alilichomeka gita kwenye spika, akapiga kidogo, akaacha. Akakaza nyuzi, akapiga tena. "Limeharibika," alisema. "Nyuzi nyembamba zimekufa. Halafu linapiga mluzi." Sisi tuliokuwepo tuliona linalia vizuri, lakini nani angebishana na mwenye gita? Alibadilisha nyuzi, hazikusaidia. Akasafisha kila pahali pa kuchomeka waya kwa kitambaa na mafuta ya taa, ikawa vile vile. Mwisho alitamka kwamba shida ni pikapu. Jirani yetu aliyesikia baba anatafuta pikapu alikuja kumpongeza, akidhani tunanunua gari, na baba alicheka mpaka akashika ubavu. Ndipo aliponiita akanionyesha: vile vipande viwili vilivyokaa chini ya nyuzi ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi ukitikisika juu yake, sumaku inausikia, inapeleka mtikisiko ule kwenye spika. "Haya ndiyo masikio ya gita," aliniambia. "Haya yakifa, hata upige namna gani, ni kazi bure."

Tukaenda Katesh kwa basi, mlima Hanang ukiwa umevaa wingu mpaka kiunoni. Fundi Juma alikuwa mtu wa Singida, mnene, mpole, kibanda chake kiko mtaa wa Jorodom, kimejaa redio zilizofumuliwa. Nilimpa shikamoo, akaniitikia, akanipa ndoo niikalie. Alimsikiliza baba mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akamweleza kwamba pikapu ziko za namna mbili, na mtu hapati vyote. Zile za koili moja, yaani zungusho moja la waya, zina mlio mkali na mwangavu, lakini zinanasa ngurumo ya umeme unaopita kwenye nyaya. Zile za koili mbili zilizobanana zimetulia, ngurumo inakufa, ila mlio wake ni mnene, hauna makali. "Sasa, mzee wangu, unataka nini, ung'avu au utulivu?" Baba alifikiri sana. Akasema anataka ung'avu wake wa zamani, lakini mluzi ule hauvumiliki, unamfuata mpaka kitandani. Fundi alikunja uso kidogo aliposikia hivyo, lakini hakuuliza. Aliagiza zile za koili mbili kutoka Arusha, zije na basi, na alisema ana jamaa kijiji cha Masakta mwenye gita lililovunjika shingo. Pikapu zake ni za koili moja, nzima kabisa, ataziomba. Tungerudi kuzijaribu zote.

Majuma yale ya kusubiri nyumbani kwetu hayakuwa na raha. Baba alikuwa amekuwa mtu wa kuudhika. Nilimsalimia mlangoni, hakuitikia. Mama alimwomba chumvi, akamletea kisu. Aliwajibu wanaume vizuri tu, lakini mimi na mama tulipoongea alitutazama midomo kisha akageuza uso. Nilidhani ni uchovu wa ugonjwa. Mama yeye akawa anapika na kupakua bila neno, na jioni nilimwona ameketi nyuma ya nyumba amejifunga khanga mabegani, anaangalia shamba.

Tuliporudi Katesh fundi alikuwa tayari. Alifunga kwanza zile za Arusha. Baba akapiga, na mimi nikasikia mlio mnene, mzuri kwa namna yake, kama mtu anayeongea akiwa ndani ya blanketi. Kweli ngurumo ilikuwa imekwisha. Baba alitikisa kichwa. "Zimekufa kabisa hizi. Na mluzi uko pale pale." Fundi akasema haiwezekani, hizi hazipigi kelele, lakini alizitoa, akayeyusha risasi, akaunganisha zile za Masakta. Baba alipopiga uzi mwembamba kabisa, sauti ilinichoma mpaka kwenye meno. Mteja aliyekuwa mlangoni aliziba masikio. Baba alitabasamu. "Hapa sasa panaanza kuwa na kitu," alisema. "Ongeza makali." Fundi akaongeza. "Ongeza tena." Fundi hakuongeza. Alimtazama baba, ambaye alikuwa amefumba macho na kuegemeza kichwa kwenye mbao za kibanda, kiganja kimelala juu ya nyuzi kuzituliza. Kisha fundi akanyoosha mkono polepole, akachomoa waya kwenye gita.

Kibanda kilikuwa kimya. Nilisikia kuku wakiparua nje.

"Mzee wangu," fundi alisema kwa sauti nzito, karibu na sikio lake, "mluzi bado upo?"

"Bado," baba alijibu. "Tena umezidi."

Baba alipofumbua macho aliuona waya unaning'inia kwenye mkono wa fundi. Aliutazama. Akalitazama tundu la gita lisilo na kitu. Akanitazama mimi, na nikajua kwamba ameelewa kabla yangu.

"Umechomoa saa ngapi?"

"Kabla sijakuuliza, mzee."

Baba alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Fundi alianza kumweleza kwamba pikapu zake za mwanzo hazikuwa na kasoro, kwamba gita halina ugonjwa wowote, na baba akamzuia kwa kiganja. "Nifungie hizi za Masakta," alisema. Fundi alisema mzee, shida haiko kwenye pikapu. "Nimekuelewa. Wewe funga. Nimetoka mbali." Fundi alifunga skrubu moja baada ya nyingine, akiinamia meza kuliko ilivyohitajika.

Ndani ya basi baba alikaa dirishani. Alishikilia gita katikati ya magoti, paji la uso limegusa kioo. Nilipofika nyumbani nilimfuata mama jikoni nikamsimulia. Aliacha mwiko ndani ya chungu. "Nilimwita shambani mara nyingi, hakugeuka," alisema. "Nikajua amenichoka. Miezi yote hii nimejua amenichoka." Akakaa chini pale pale kwenye majivu, akalia, na sikujua kama ni kwa huzuni au kwa kitu kingine ambacho katika umri ule sikukijua jina.

Jumapili baba alipiga. Sauti ile ya Masakta ilikwaruza kanisa kama bati linaloburutwa juu ya mawe, watoto wachanga wakaanza kulia, na watu wakawa wanatazama sakafu kwa heshima. Kiongozi wa kwaya, mwalimu wa shule yetu aliyehamishiwa kwetu kutoka Kagera, alimwendea, akainama, akampa shikamoo, akamwomba apunguze makali kidogo. Baba alipunguza. Baada ya kupunguza hakusikia tena alichokipiga. Vidole vyake vilitangulia wimbo, vikachelewa, vikapotea, na katikati ya ubeti aliuondoa mkono kwenye nyuzi akauweka gotini. Nilitazamia kwaya inyamaze. Haikunyamaza. Wimbo uliendelea mpaka mwisho bila yeye, ukaenda vizuri, na hilo ndilo alilolitazama akiwa ameketi pale: kwamba unaweza kwenda bila yeye.

Baada ya hapo tulimpeleka hospitali, na daktari alituambia taratibu, akimwandikia baba kwenye karatasi kile ambacho hakukisikia, kwamba sindano zilizomponya mapafu zimeunguza mishipa ndani ya masikio. Sauti nyembamba zimeondoka kwanza, nyingine huenda zikafuata, na kilichoondoka hakirudi. Baba aliuliza, "Na kifua?" Daktari akasema kifua kimepona kabisa. "Basi ahsante," baba alisema, akasimama, akampa mkono kama mtu aliyepewa alichokifuata.

Kwa muda tulijaribu. Jioni nilikaa mbele yake, yeye akikaza nyuzi, mimi nikiinua kiganja kama uzi uko juu, nikikishusha kama uko chini, nikikituliza ukifika. Nilijua nyimbo zake zote, sikuhitaji kufikiri. Lakini siku moja aliniambia, "Paskalina, mwanangu, inatosha. Siwezi kupiga kwa masikio ya mtu mwingine." Hakuwa na hasira. Alilipeleka gita kanisani akaliacha kwa kwaya, na nilipomaliza darasa la saba alikuwa hasikii kitu chochote, hata radi ya masika juu ya paa la bati.

Sasa mimi ni mtu mzima, nafundisha shule hapa hapa Katesh. Kile kibanda cha Jorodom hakipo. Tope na mawe yaliposhuka kutoka mlimani yalichukua safu nzima ya vibanda, na fundi Juma, aliyenusurika, amerudi kwao Singida. Siku hizi mtu akitaka pikapu anafungua simu, anasikiliza kila aina, nyembamba na nene, anachagua akiwa kitandani, na mzigo unafika. Muuguzi mmoja tunayesali naye pamoja aliniambia kwamba na sindano zile zimepunguzwa sana. Wagonjwa wengi humeza vidonge tu, na anayelazimika kuchomwa hupimwa masikio mapema. Nilimwandikia baba habari hiyo kwenye simu, maana ndivyo tunavyoongea. Alijibu: "Ni jambo zuri." Nilitaka kufurahi pamoja naye, ila nilikaa na simu mkononi nikiwaza kwamba dunia imejifunza kitu kile yeye akiwa ameshapoteza masikio.

Baba yuko Maretadu, mzima wa afya, analima. Mama alifariki, na naamini alifariki akiwa bado na mengi ambayo hakuweza kumwambia. Mimi ananijua kwa sauti ya mtoto wa darasa la sita. Hiyo ndiyo ya mwisho aliyoipata, tena nusu nusu. Watoto wangu hajawahi kuwasikia. Likizo iliyopita tulimtembelea, na binti yangu wa mwisho aliimba akiwa amekaa miguuni pake tangu mchana mpaka jua linazama, wakati yeye akipukuchua mahindi. Tulipokuwa tumesharudi Katesh alinitumia ujumbe akauliza sauti ya yule mdogo ikoje. Niliandika kwamba ni nyembamba, nikafuta. Nikaandika kwamba ni safi, nikafuta. Mwisho nilimwandikia kwamba anaongea polepole, kama bibi aliyemzaa yeye baba, na akajibu kwamba sauti ya mama yake huyo anaikumbuka vizuri.