Programu Tatu za Barua Moja

Nyumbani kwetu Igogo tulikuwa na simu janja moja tu, yangu. Wengine walikuwa na vitochi. Mdogo wetu wa mwisho, binti, alipoomba chuo cha uuguzi, jibu lilikuwa lije kwenye simu hiyo, kwa barua pepe, na atakayechaguliwa alitakiwa kuthibitisha siku hiyohiyo, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Wazazi walipofariki mimi niliacha shule ili yeye na kaka yake wasiache. Kwa hiyo jibu lile huenda nililitaka kuliko yeye.

Shida ni kwamba tulikuwa na akili za ziwani. Marehemu baba alitega ndoano nyingi kwenye kamba moja, samaki akiikwepa hii anaswe na ile. Simu ilikuja na programu yake ya barua pepe. Mdogo wangu wa kiume akaongeza ya pili, aliyoisifia kwa kasi. Nami nikaongeza ya tatu, yenye bahasha nzuri ya bluu. Zote tukaziwekea anwani ileile ya binti, tukaziagiza ziangalie barua muda wote. Likija tangazo la viatu, simu inalia mara tatu. Nami pale sokoni Mkuyuni namwacha mteja na dagaa wake, nafuta mikono kwenye kanga, nasoma habari za viatu.

Kufika mchana simu ilikuwa ya moto kama andazi, halafu inazima. Nikamlaumu mama anayechajisha simu jirani na meza yangu, kwamba umeme wake hauna nguvu. Akaichomeka, akaiwasha, akafungua mahali panapoonyesha kinachokula chaji, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwenzangu, umetuma watu watatu posta, wanakimbia kutwa nzima, na sanduku ni moja."

Akashauri tubakize moja, nayo tuifungue wenyewe tunapotaka. Nyumbani ikawa kesi. Mdogo wangu aliitetea yake kama ng'ombe wa mahari. Mimi nikasema bahasha yangu haifutwi na mtu niliyemfunga nepi. Binti, mwenye barua yake, akachukua simu kimya kimya, akafuta zetu zote mbili, akabakiza ile iliyokuja na simu.

Tangu hapo simu ikawa inafika jioni ikiwa hai, ingawa sasa binti alishinda nayo na kuifungua kila akipumua. Jioni moja alikuja kunisaidia kufunga meza, akaifungua tena. Amechaguliwa. Akathibitisha palepale, amesimama katikati ya magunia ya dagaa, mpaka chuo kikajibu kwamba wamempokea.

Nikamwomba anisomee ile barua. Akasoma. Nikamwomba arudie pale penye jina lake. Akarudia. Nilipoomba tena, akaitazama simu, akanitazama mimi.

"Dada, chaji inaisha."

"Iache iishe. Soma."