Kampuni ilitoa msaada wa kompyuta Ruanda ya Mbozi, wananchi wakaleta fahali, mimi nikapata ajira

Wakuu, salaam kutoka Tunduma, mpakani kabisa, ukirusha jiwe linaangukia Nakonde, Zambia.

Haya yamenipata mwenyewe. Sijaongeza chumvi, iliyokuwemo inatosha.

Niliporudi kutoka Kitwe, huko huko Zambia, ambako nilitengeneza simu kwa miaka minne, ndugu zangu walikuwa wameshanipangia maisha. Kwamba nimerudi na begi moja na neno "natotela", asante ya Kibemba. Kwamba diploma yangu ya kompyuta ni ruhusa ya kubadilisha wino wa printa. Baba mdogo, mkulima wa kahawa kule Ruanda, Mbozi, alihitimisha mbele ya watu: kampuni za kompyuta zinachukua watoto wa Dar wenye digrii, wewe utawabebea waya.

Nikanyamaza. Mtu anayejijua habishani. Nilibishana kidogo tu, kama saa moja hivi.

Sasa, kampuni moja ya teknolojia kutoka Dar, inayotengeneza mfumo wa kufuatilia malori yanayovuka mpaka, ikafungua ofisi hapa mjini. Niliomba kazi mara mbili kwa njia ya kawaida. Mara zote mbili walinikataa kwa adabu ambayo sijawahi kuonyeshwa hata na walionikubali.

Mara ya tatu wakatangaza programu ya vijana wanaoanza kazi. Mwaka mmoja, nafasi sita, posho ndogo, na mwisho wa mwaka wawili wanaajiriwa. Tangazo lilisema wanazingatia diversity, yaani ofisi isijae watu wa aina moja: wanawake, wenye ulemavu, na vijana "kutoka pembezoni".

Kwenye usaili, msimamizi wa programu, dada Neema, mtu wa Dar, mpole, akaniuliza nimeachwa nyuma kwa namna gani. Nikamwambia sijaachwa nyuma na mtu yeyote, tangu chuo nilikuwa naongoza. Akanitazama kwa huruma. Akarudia swali polepole, kama anayemwonyesha mgeni mlango ulipo.

Nikaelewa. Nikaweka tiki kwenye pembezoni.

Mimi, mzaliwa wa Tunduma, ambaye shaba ya Zambia inapita chini ya dirisha langu ikienda bandarini, nimetoka pembezoni. Sawa.

Nikapata nafasi. Kila picha ya kampuni mwaka ule niko katikati, nacheka. Kwenye kazi yenyewe niseme ukweli, aliyetuzidi wote ni Tumaini, binti wa kijiji cha Kamsamba, anayeandika programu kama mwingine anavyoandika jina lake. Mimi nilikuwa wa pili. Kuna wanaosema wa tatu.

Mwezi wa kumi wa programu, dada Neema akaniita. Kampuni kila mwaka inatoa msaada kwa jamii, na mwaka huu ni kompyuta kumi kwa sekondari moja ya Ruanda. Kwa kuwa mimi ni wa huku, siku hiyo niiandae mimi.

"Ikienda vizuri nitakuwa na la kuandika juu yako," akasema. "Ikiharibika, nafasi ni mbili tu, unajua mwenyewe."

Nikaenda Ruanda kuonana na kamati ya wazazi. Mwenyekiti wake ni nani? Baba mdogo. Dada Neema alikuwa amenisisitiza wananchi wasiingie gharama kwa ajili yetu, nami nikafikisha ujumbe kama ulivyo: wageni hawana makuu, msihangaike.

Kosa langu liko hapo, wakuu. Kitwe ilikuwa imenisahaulisha. Mbozi, mgeni mwenye adabu husema hivyo hivyo, na mwenyeji mwenye adabu akisikia hivyo anakwenda zizini.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Hotuba, kwaya, fulana za kampuni, picha. Ulipofika wakati wa kuaga, baba mdogo akatoa ishara, na kutoka nyuma ya madarasa ukaja msafara: gunia la maharage, debe la kahawa, kuku, na fahali mweusi aliyefungwa fulana ya kampuni shingoni.

Dada Neema akabadilika rangi. Sheria ya kampuni, ambayo yeye mwenyewe alitusainisha, inasema mfanyakazi asipokee zawadi inayozidi kalenda na kalamu. Akasimama, akashukuru kwa maneno mazuri sana, akasema hawawezi kupokea, furaha ya wananchi inatosha.

Akina mama wakashusha mikono.

Baba mdogo akavua kofia. "Mwanangu, hapa kwetu anayepokea bila kurudisha kitu ni mfiwa. Tuambie, nani kafa?"

Dada Neema akanigeukia mimi.

"Basi pakieni na hizo kompyuta. Mtatuletea tukipata msiba."

Hakuna aliyecheka. Wazee wawili walishaishika kompyuta moja huku na huku, wanaipeleka kwenye gari, taratibu, isije ikagonga mahali.

Dada Neema akaninong'oneza kwamba akimchukua yule ng'ombe, kazi hana. Mimi nikawaza kwamba asipomchukua, kazi sipati. Na shule inabaki na chumba kitupu.

Ndipo nikakumbuka nguvu za wananchi. Shule gani nchi hii imejengwa bila hizo? Serikali inaleta bati, wananchi wanaleta mchanga na mawe. Nikamuuliza mkuu wa shule chumba cha kompyuta kimepungukiwa nini. Nondo za madirisha, akasema, na nyaya.

Nikawaambia wote: huyu fahali si zawadi kwa kampuni, ni nguvu za wananchi kwenye mradi. Aende mnadani, arudi akiwa nondo na nyaya.

"Na mgeni aondoke mikono mitupu?" Baba mdogo huyo.

Nikasema hapana. Mgeni atapokea kamba kutoka mkononi mwako, kisha atamkabidhi mkuu wa shule. Kupokea atakuwa amepokea.

Dada Neema akanivuta pembeni. "Atakuwa wangu kwa muda gani?"

"Hatua kumi, dada."

Akafikiri. "Sera haijataja hatua."

Akashika kamba. Fahali hakuhesabu, akampeleka hadi uwanja wa netiboli na kumrudisha. Vigelegele vilivyopigwa, nadhani Vwawa walisikia. Maharage na kahawa vikaingia jikoni kwa wanafunzi, kuku tukawala pale pale na wenyeji.

Fomu ya ripoti haikuwa na mahali pa fahali. Tumaini, aliyeitengeneza, akaongeza mstari.

Miezi miwili baadaye wakaajiriwa wawili. Tumaini kwa kuandika mifumo. Mimi kama afisa ushirikishwaji wa jamii. Barua yangu haitaji diploma popote. Nimeisoma mara nyingi kuhakikisha.

Mshahara wa kwanza ulipoingia nikawazungukia walionikopesha mwaka mzima wa posho: mama mwenye nyumba, rafiki yangu fundi simu, na wa mwisho baba mdogo, ambaye pamoja na maneno yake yote aliuza gunia la kahawa nipate kodi. Akazitia hela mfukoni bila kuhesabu.

"Sasa hasa unafanya nini huko?"

"Nasikiliza watu, baba."

"Na kompyuta?"

"Kompyuta anafanya binti wa Kamsamba."

"Wanakulipa kwa kusikiliza."

"Kila mwisho wa mwezi."

Akamwita mama mdogo atoke jikoni, aje asikie mwenyewe.

Nilichojifunza ni hiki: ukitaka kuwasaidia watu, waachie nafasi ya kukulipa. Ukiwanyima, msaada wako unageuka rambirambi.

Mliopitia programu za namna hii huko mikoani, leteni na yenu. Wanaosema diploma si kitu nao waje, leo sina haraka.