Kokoto Kiwanjani

Kutoka Woodley mpaka Mountain View, hakuna mtu ameponya farasi kama mimi. Nasema bila aibu. Shule niliacha darasa la sita, nikaanza kwa kuzoa samadi kwenye mabanda ya wenyewe, na leo banda ni langu, hapa Waithaka. Lakini siku hizi hata nikijisifu, maneno hayana ladha.

Niliwahi kuletewa farasi jike wa kijivu, kano la mguu wa mbele limechanika. Mwenye farasi alishakubali adungwe sindano ya kumlaza kabisa, afe asiteseke. Nikamwambia, niachie mimi. Kuponya farasi ni kazi ya kumkataza. Kwanza asimame bandani tu, mguu ukimwagiwa maji baridi. Halafu atembezwe kwa kamba, kidogo kidogo, miezi ikienda. Mbio huja mwisho kabisa, tena kwenye udongo laini, kwa sababu ardhi ngumu inararua kano upya.

Kiwanja cha udongo huo nilikodi kwa mama jirani, mjane, mtu wa kanisa. Mvua ikinyesha kilikuwa tope tupu, na mimi nilifurahi. Yeye alinihurumia. Kila akiniona na gambuti alisema, pole baba na hayo matope.

Siku ya farasi kuanza mchakamchaka, nilikuwa nimeshuka mjini kununua bandeji. Saisi wangu, kijana wa kunitunzia farasi, akamtoa, kama tulivyopanga. Niliporudi, nilisikia kwato kabla sijafika getini. Zilikuwa zinagonga. Udongo laini haugongi. Nikapiga kelele asimamishe, lakini farasi alishaanza kuchechemea.

Jana yake, bila kuniambia, mama alimwaga kokoto, zikashindiliwa, akatandaza udongo mwekundu juu ili papendeze. Saisi aliona udongo tu.

Mama akaja na chai, anatabasamu, mpaka alipoona mguu.

"Nilitaka kukusaidia, baba," akasema. "Kila mtu hapa analilia kokoto."

Ni kweli. Kwetu, mtu akikumwagia kokoto mlangoni, amekupenda. Nikapokea kikombe, nikanywa.

Daktari wa mifugo akaja, akapapasa mguu, akampigia mwenye farasi simu. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa sindano. Kichwa cha farasi nilikishika mwenyewe. Jasho la mbio halijamkauka, masikio ameyasimamisha mbele, anangoja tuendelee.