Jiko la Trela na Kimo cha Bwana

Jumamosi nilikuwa kwa fundi wa mbao Makongeni. Bwana mmoja alikuja na mkewe kuchukua trela lao la kwenda kupiga kambi. Fundi alifungua mlango wa nyuma, akavuta nje jiko zima: meza, sinki, mahali pa gesi. Kazi safi. Mama akasimama mbele ya ile meza, ikamfika kifuani.

"Fundi, ulimpima nani?"

"Mzee, mama. Si ndiye alileta trela."

"Na ulimuuliza nani atapika?"

Fundi akamtazama bwana. Bwana akatazama matairi, kisha akasema, "Si utasimama tu juu ya kitu?"

Nilikasirika kana kwamba nimeambiwa mimi. Wanaume wawili wazima wanajenga jiko wiki tatu, na mpishi hajaulizwa hata kimo chake.

Mama alichukua mkono wa mumewe, akauweka juu ya meza. "Inakutosha wewe. Basi utapika wewe."

Nilifika nyumbani, mtaa wa Tena, na hasira zangu, nikaingia jikoni kumsimulia mke wangu. Alikuwa akikata sukuma wiki kwenye meza niliyomtengenezeshea mimi, amesimama juu ya kreti ya soda.