Tamim Avua Kofia Mbele ya Mzee Khalaf

Saa kumi za jioni, Tamim kachutama kwenye mchanga wa jangwa la Sharqiya, upande wa mji wa Ibra, anapangusa helmeti kwa brashi ya nguo. Ndani zina sponji, masikioni manyoya, maana zimetengenezwa kwa watu wanaoteleza kwenye theluji huko Ulaya. Theluji yenyewe hajapata kuiona. "Mie najua mchanga tu," anasema, "na jasho la watu."

Kambi hii ni ya watalii. Wanapanda kilima cha mchanga, wanateleza na mbao, na Tamim kila kichwa lazima akivishe helmeti, mkanda ukaze chini ya kidevu. Mwaka huu wa 2007 ndio wa tatu yuko hapa.

Wazungu hawamsumbui. Sisi wenyeji ndio tunaomsumbua! Mwanamme wetu, mtu mzima, kuonekana kichwa wazi ni aibu, basi helmeti anaipachika juu ya kofia yake ya kushonwa kwa mkono. Mwaka jana mzee mmoja wa Al Kamil alivaa hivyo hivyo, na mfanyakazi wa zamu akaona haya kumkatalia. Nusu ya kilima helmeti ikachomoka, kichwa kikapiga ubao. Mpaka leo yule mzee anashikwa mkono kwenda msikitini.

Sasa Ijumaa iliyopita, nani kashuka garini? Mzee Khalaf wa Ibra, na mkewe Bi Ghaniya, na binti yao Azza. Na Tamim, maskini, kapeleka posa kwa huyo Azza, jawabu hajapata.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Hebu nipe hilo dude, nami niteleze."

"Vua kofia kwanza, ami."

"Nivue? Mbele ya watu wote hawa? Una wazimu wewe?"

"Basi hutelezi, ami. Unisamehe."

Mzee akamkazia macho. Tamim kuona vile, akavua yake yeye, amuoneshe kwamba si kitu. Lo! Miaka ishirini na tisa, na utosini hana unywele hata mmoja. Kwa kina Azza walikuwa hawajui.

"Wallahi kinang'ara kama sinia la harusi!" Bi Ghaniya akapiga ukelele. "Khalaf, huyu ndiye aliyeposa, au babu yake?"

Azza akajiziba mdomo na buibui. Mzee akarudi garini bila kuteleza.

"Nilitaka mchanga unimeze," anasema Tamim. Masikio yamemwiva, anachezea mkanda tu, hakutazami usoni.

Nyumbani mama yake, Bi Tufool, hamwachi. "Ungemwacha avae apendavyo, yakhe! Saa hizi tungekuwa tunashona nguo za harusi."

Kesho anakwenda Ibra na mjomba wake kufuata jawabu. Usingizi hana.

"Kwa kile kichwa wazi nitaomba radhi," anasema. "Kumkatalia, siombi. Akininyima Azza, na aninyime akiwa mzima, kwa ulimi wake mwenyewe."