Kiungulia cha Mzee Kifungo

Kiwanda cha siki kilikuwa na mashine na vipimo, lakini hakuna aliyethubutu kujaza chupa kabla Mzee Kifungo hajapandwa na kiungulia. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Alikunywa kijiko kimoja, akakaa kwenye kigoda, akasubiri. Moto ukimfika kifungo cha pili cha shati, siki imepita. Ukiishia cha tatu, hayo ni maji. Ukigusa kola, mwageni.

Kisha presha ikampanda, daktari akampa vidonge. Wiki haijaisha, kiungulia kikamhama. Alikunywa kijiko, kimya. Kikombe, kimya. Akaagiza siki iongezwe ukali, ikaongezwa, naye bado kakaa anajipapasa kifua. Siki ya siku hiyo, iliyojazwa kwa kuchoka kumsubiri, ilitoboa sufuria ya mteja mmoja. Mwingine alikuja kulalamika kwa ishara, sauti imemkauka.

Mzee akakimbilia kwa daktari. "Dokta, nirudishie moto wangu!"

"Vidonge hivi vinazuia kalsiamu isiingie kwenye misuli ya mishipa," daktari akamweleza. "Mishipa inalegea, presha inashuka. Sasa tumbo nalo linahitaji kalsiamu hiyohiyo kutoa asidi, kwa hiyo kwa baadhi ya watu asidi hupungua. Wengine ndiyo kwanza kiungulia huwazidi."

"Basi nipe vya hao wengine!"

"Mzee wangu, ni vidonge vilevile. Na ukiviacha, utaanguka."

Bosi naye hakuwa na mzaha. Kesho asubuhi kiungulia kimpande, la sivyo kigoda kinapata mtu mwingine. Mzee Kifungo alirudi nyumbani amenywea, akamwambia mkewe kwamba vidonge anavitupa, liwalo na liwe. Mke alimpokonya vidonge, akavifutika kifuani, wala hakubishana naye.

Asubuhi mke akamfuata kiwandani, amevaa shati la mumewe juu ya gauni. Akakikalia kigoda, akanywa kijiko, akatulia.

"Cha pili," akasema.

Bosi akailinganisha siki na chupa ya zamani. Ilikuwa ileile. Kiwanda kizima kikalipuka kwa vigelegele.

"Mama watoto," Mzee Kifungo akauliza, "kiungulia hicho umekipata lini?"

"Tangu tuoane. Ulikuwa ukiguna wewe, nyumba nzima inakukimbilia na maji. Mimi ningemgunia nani?"

Wenzake walicheka, yeye akashindwa. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Akainuka kumletea mkewe maji, na ikabidi aulize glasi huwekwa wapi.